Goti la Mzee Mbwera

Zamda alichonga goti la mguu wa bandia kwa alumini, na pini yake ya chuma ikapita tunduni bila shida. Kisha akalizamisha goti kwenye tindikali iliyopitishwa umeme ili liote gamba gumu. Alichosahau ni kuliachia tundu nafasi, maana gamba hilo huota hata ndani. Sasa pini ilikuwa imegoma kuingia.

Mzee Mbwera alishafika, kanzu imepigwa pasi. "Fundi, bado? Bwana harusi yuko msikitini, na wa kumwozesha binti yangu ni mimi."

"Tayari, Mzee wangu."

Zamda alikuwa ameitumbukiza pini kwenye barafu ya muuza juisi wa jirani. Chuma kikipoa husinyaa. Pini ikaingia. Mzee akavaa mguu, akasimama, akacheka.

"Mikono yako ibarikiwe, mwanangu!"

Zamda alitaka kumwambia kwamba chuma kikipata joto hutanuka tena. Badala yake akamfungulia mlango.

Mzee akashika njia, jua la utosi likiwaka. Goti likakunjika vizuri. Likakunjika tena, kwa shida kidogo. Mara ya tatu halikukunjika. Mzee akasimama katikati ya barabara, akageuka kumtazama Zamda, bado anatabasamu.