Firigisi ya Kijani

Mke wangu alipoipasua firigisi ya bata, kisu kilikwama kwenye kitu kama mpira. Akakivuta kwa vidole. Kikatoka taratibu, kirefu, kinateleza kwa ute, na uvundo wake ukanifikia mlangoni nilikokuwa nikivua viatu vya kazi.

"Baba watoto, hebu njoo uone."

Nilisogea. Ulikuwa utando wa rangi ya kijani, umejikunja kama gamba la kidonda. Punje za mahindi zilizonaswa ndani yake nazo zilikuwa kijani.

Rangi ile niliijua. Ndiyo niliyopaka kuta za zahanati mwezi uliopita. Mwenye duka la rangi alinisihi nimrudishie masalio, kwamba wao huyakusanya na kuyachanganya upya. Nikaona ananitafutia kazi ya bure. Nilimwaga ndoo mbili nzima mtaroni, nyuma ya nyumba.

"Wamekula wapi uchafu huu?" akauliza.

"Mtaroni. Nilimwaga mimi."

Alinawa mikono kwa sabuni, akainusa, akanawa tena.

"Mwanao anakula mayai ya bata hawa kila asubuhi," alisema.

Nilitoka nje, nikatapika ukutani. Bata watano waliobaki walikuwa mtaroni, midomo imezama kwenye tope, wanachokonoa kwa raha zao.

Niliwafukuza, nikachukua beleshi na ndoo tupu, nikaingia mtaroni kuizoa ile rangi. Tope lilinifika magotini, bado la vuguvugu kwa jua la mchana.