Chupa Namba Kumi na Saba

Mashine ya zamani ilisema 610. Mashine mpya ikasema 24. Damu ilikuwa ileile.

Mpimaji alirudia mara tatu, majibu hayakusogea. Wafanyakazi wote arobaini wa jengo walikuwa wametoa damu ili mashine mbili za kupima homoni zilinganishwe, na chupa thelathini na tisa zilikubaliana. Namba kumi na saba ilikataa.

Simu ikaita. "Wifi, unga wako wa uji bado," dada wa mumewe alisema. "Mzigo umekwama tangu Jumatatu."

"Usihangaike, wifi. Hata hamu ya kula sina."

Alipoinuka, kichwa kikamzunguka, akashika ukingo wa meza. Wiki nzima hakupumzika.

"Basi hiyo mpya ni mbovu," mkuu wa maabara alisema. "Irudishwe."

"Si mbovu, mkuu. Ya zamani ndiyo iliyodanganyika. Mtu huyu anatumia dawa za steroidi. Zinafanana na homoni ya msongo, basi mashine inazihesabu pamoja. Mpya inazitenganisha. Homoni yake mwenyewe ni hiyo 24. Mwili umeacha kuitengeneza."

"Kwa hiyo?"

"Akizikosa ghafla, anaanguka. Anaweza kufa. Lazima tumjue leo."

Majina yalikuwa kwenye bahasha ya muuguzi, aliyewatoa watu damu na kubandika chupa namba, ili mpimaji asijue anapima ya nani. Bahasha ikifunguliwa mapema, kazi ya miezi mitatu inaanza upya.

"Mtafute kwanza bila bahasha," mkuu alisema.

Mpimaji alishuka moja kwa moja kwa mlinzi wa geti. Mlinzi alikuwa na pumu, na uso wake umejaa kama wa mtu anayetumia steroidi.

"Unameza vidonge gani?"

"Mimi na vidonge ni paka na panya, dada. Navuta dawa ya pumu tu, tena nikibanwa." Alimtazama, akacheka. "Kama kosa ni mashavu, mbona yako yamenizidi?"

Mpimaji alipanda ngazi akipumzika mara mbili. Mkuu alimwona, akaitoa bahasha kwenye droo yake, akampa bila ubishi.

Alishusha kidole kwenye orodha taratibu, kama ilivyo kawaida yake. Kumi na tano. Kumi na sita.

"Ni nani?" mkuu aliuliza. "Tumpigie simu?"

Aliikunja karatasi vizuri, akatafuta kiti.

"Mwite muuguzi," alisema. "Halafu mpigie wifi yangu. Muulize kwenye unga wangu wa uji huwa anatia nini."