Dunia Inayobeba Giza

"Bi Riziki, dunia ndo inazunguka, giza halizunguki nayo!" Makame alishapandisha sauti.

"Watoto wa darasa la nne watayaonea wapi hayo? Shule zinasubiri katuni saa nane, we unanifundisha jua!" alijibu Bi Riziki, bosi wake.

Kwenye kompyuta, dunia aliyoichora Makame ilikuwa inazunguka. Shida ni kwamba kivuli alikipaka juu ya dunia yenyewe, kwa hiyo ikigeuka, nacho kinageuka. Yaani Afrika kila ikija mbele, inakuja na giza lake. Haipambazukiwi hata siku moja.

"Si umekosea mwenyewe?"

"Ndo maana nataka kurekebisha. Nipe saa mbili, nikitenge kivuli kitulie, dunia ipite chini yake."

"Sina saa mbili. Naituma hivi hivi."

"Basi natoa jina langu kwenye hiyo katuni."

Bi Riziki akacheka kidogo. "Mwanangu, katuni yako ya kwanza hii. Mama yako kashawaambia mtaa mzima."

Makame akainama, akalifuta jina herufi moja moja, akabeba begi.

Mlangoni aligeuka. Bi Riziki alikuwa kashika mausi ya kompyuta, anaitazama dunia, hajabonyeza kutuma.

Makame akaufunga mlango.