Hodi ya Tatu

Zamda alisimama juu ya mnara wa saa, simu mkononi, akiwaonyesha watazamaji wake mubashara mapaa ya soko na ua wa msikiti. Uso wake hakuuonyesha kamwe. Tangu ahamie mji huu, alionyesha majengo tu.

Maoni yakapita kwenye kioo. "Pazuri, dada." "Tuonyeshe kengele." Kisha moja: "Hodi."

Akacheka. Mtu yule yule, asiye na picha, akaandika tena: "Hodi." Halafu ya tatu. Hodi tatu zisipojibiwa mgeni hurudi, lakini ulimi wa Zamda ukamtangulia.

"Karibu."

"Ahsante, Mama Tunu. Nimeshaingia," akaandika yule asiye na picha.

Katika mji huu mzima hakuna aliyemjua kwa jina hilo; aliliacha kule alikokimbia. Chini, mlinzi wa mnara alisikika akimjibu mtu: "Pita tu, bwana, ngazi ni hiyo hiyo moja."

Alitaka kuzima simu, kidole kikakataa. Watazamaji, wakidhani ni mchezo, wakamwaga mioyo myekundu, nayo ikapanda kwenye kioo polepole, mmoja baada ya mwingine, sambamba na vishindo vya viatu kwenye ngazi ya mbao.