Beringi Mpya

Siku Mwajabu alipoamua kumwacha mumewe, baiskeli yake ya umeme ya kupandia milima ilikuwa imelegea, inachezacheza upande wa nyuma. Mji ule ulikuwa na fundi mmoja tu, naye ndiye huyo mumewe, Sekiboko.

Sekiboko alifungua maungio ya nyuma ya fremu, akazigonga beringi zikatoka. Zilikuwa zimeliwa na kutu.

"Hizi zingenivusha mlima?" Mwajabu aliuliza.

"Zingekuangusha kwenye mteremko."

Angeweza kusema beringi mpya hakuna, na Mwajabu asingeondoka. Badala yake alizitoa kabatini, akazipaka grisi, akazipachika, akakaza kila boliti.

"Ahsante, fundi." Hakuwahi kumwita hivyo.

"Kwenye kona shika breki mapema," Sekiboko alisema, mikono bado iko kwenye usukani, na Mwajabu akasimama akingoja auachie.