Amekuja Kutembea Tu

Simu ililia nikiwa nimesimama uwanja wa ndege, pale wanapotokea wageni. Afisa wa uhamiaji.

"Mama yako yuko mbele yangu, na mkalimani. Amekuja kufanya nini?"

"Kutembea," nikajibu fasta.

Jibu hilo mimi na mama tulishalifanyia mazoezi mpaka tukacheka. Viza ya mgeni hairuhusu kazi, na huku ughaibuni hata bibi kulea mjukuu ili mimi nirudi kazini, wanahesabu ni kazi. Nilimwonya kabisa: "Mama, ukitaja kulea tu, wanakurudisha na ndege ileile."

Mtoto nilikuwa nimempakata mkono wa kushoto, umekufa ganzi hadi vidoleni. Tangu azaliwe, ukitoa manesi, hakuna mtu mwingine aliyewahi kumbeba. Hakuna!

"Kutembea tu?" afisa akauliza.

"Tu."

Ndipo nikamsikia mama kwa nyuma, furaha imemjaa, anapaza sauti ili nimsikie:

"Ni mwanangu huyo? We mama nanii, kesho nenda zako kazini! Nguo za mtoto usiguse, nitafua mimi. Na mbeleko nimekuja nayo!"

Nikamwomba Mungu huyo mkalimani awe kiziwi, japo kwa dakika moja.

"Amesema nini?" afisa akamuuliza.

Mkalimani akakohoa kidogo.

Mimi nikamhamishia mtoto mkono wa kulia.