Fundi Aliyebomoa

Enzi zile ndege walipokuwa wakijengewa viota na mafundi, Mnana hakuwa na mteja hata mmoja. Wote walikwenda kwa Kunguru, aliyeshinda juu ya mti akijisifu kwa sauti.

Siku moja Chiriku, aliyekuwa karibu kutaga, alichoka kusubiri zamu yake kwa Kunguru, akamwendea Mnana. Mnana akamsukia kiota, na ndege wengi wakaja kukitazama.

"Kizuri, fundi," alisema Chiriku. "Nahamia leo hii."

Mnana akaning'inia mlangoni, akakitikisa kiota kwa nguvu zake zote. Ukindu mmoja ukateleza. Basi akaanza kukifumua mbele ya wote, mpaka tawi likabaki tupu.

Kunguru akacheka. "Mmeona wenyewe. Hajui kazi."

"Nivumilie hadi kesho, mama," Mnana alimwambia Chiriku. "Pale palipoteleza ndipo wanao wangedondokea."

Ndege wote wakalitazama lile tawi tupu kana kwamba hawajapata kuona jambo kubwa kama hilo.

Ndipo Njiwa, ambaye yai lake lilipenya sakafu ya kiota kilichojengwa na Kunguru, akauliza taratibu, "Fundi Kunguru, changu ulikitikisa kabla ya kunikabidhi?"

Kunguru akajikohoza, akaruka zake.

Kufikia jioni foleni ya wateja wa Mnana ilikuwa imeuzunguka mti, na fundi mwenyewe hakuwa na kiota hata kimoja cha kuwaonyesha.